Kelele za Ndege na Makazi ya Watu: Nani Huhesabiwa Kuwa Amesumbuliwa?

Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya aina ya Comet iliondoka katika uwanja wa Heathrow, mjini London, kuelekea Johannesburg. Njiani ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza duniani ya kuchukua abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti. Safari zilifupishwa na mabara yakakaribiana. Lakini jeti ilikuja na jambo jingine ambalo halikuandikwa katika ratiba: mngurumo mkubwa juu ya mapaa ya watu waliokuwa wakiishi kando ya viwanja vya ndege.

Tangu siku hizo wanasayansi wamekuwa wakikabiliwa na swali ambalo likitazamwa juu juu laonekana jepesi: mtaa fulani unasumbuliwa kwa kiasi gani na kelele za ndege? Mtu aweza kudhani kwamba inatosha kusimamisha kipima sauti barabarani na kukisoma. Sivyo. Kipima sauti hutoa tarakimu tu. Njia ya kuziunganisha tarakimu hizo huchaguliwa na binadamu, na uchaguzi huo ndio unaoamua ni nyumba zipi zitakazohesabiwa kuwa zimo katika eneo la usumbufu, na zipi zitakazoachwa nje.

Sauti hupimwaje?

Sauti ni mitetemo inayosafiri hewani. Sikio zima huweza kupokea sauti hafifu mno, na pia sauti yenye nishati mara milioni milioni moja zaidi ya hiyo. Kwa kuwa tofauti hiyo ni kubwa kupita kiasi, wanasayansi hutumia kipimo cha logi kiitwacho desibeli. Kila nishati ya sauti inapozidishwa mara 10, kipimo huongezeka kwa desibeli 10. Inapozidishwa mara 2, huongezeka kwa desibeli 3. Kwa hiyo ndege mbili zinazolingana, ambazo kila moja huleta desibeli 80 mahali fulani, zikipita pamoja hazileti desibeli 160, bali 83.

Sikio nalo lina tabia zake. Watu wengi huona kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu inapoongezeka kwa desibeli 10 hivi, ingawa nishati yake imeongezeka mara 10. Aidha, sikio halisikii sauti nzito za chini kwa wepesi kama lisikiavyo sauti za kati na za juu. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Karl Kryter, alionyesha umuhimu wa jambo hilo. Wasikilizaji walipolinganisha ndege za jeti na zile za rafadha, waliziona jeti kuwa zina kelele zaidi hata pale chombo cha kawaida kilipoonyesha tarakimu zilezile. Ndipo Kryter akatunga kipimo kinachofuata hisia ya msikilizaji.

Uchunguzi wa Heathrow

Mwaka 1960 Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza tatizo la kelele, chini ya uenyekiti wa mwanafizikia Sir Alan Wilson. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamati hiyo nayo haikutosheka na vyombo. Mwaka 1961 watu 1,731 waliokuwa wakiishi ndani ya maili 10, yaani kilometa 16 hivi, kuzunguka Heathrow walihojiwa kuhusu usumbufu walioupata. Wakati huohuo kelele za ndege zilipimwa katika eneo hilo, na majibu ya watu yakalinganishwa na vipimo.

Ilionekana kwamba usumbufu ulitegemea hasa mambo mawili: ukali wa kelele ya kila ndege, na idadi ya ndege zinazosikika kwa siku. Katika taarifa yake ya mwaka 1963 kamati iliyaunganisha mambo hayo katika kanuni moja, iliyojulikana kwa kifupi cha NNI:

NNI = L + 15 log N – 80

Hapa L ni wastani wa vilele vya kelele za ndege kwa kipimo cha Kryter, na N ni idadi ya ndege hizo. Tarakimu 80 iliondolewa kwa sababu chini ya kiwango hicho usumbufu ulionekana kuwa si kitu. Baadaye NNI 35 ilichukuliwa kuwa mwanzo wa usumbufu, 45 usumbufu wa kadiri, na 55 usumbufu mkubwa. Mahali penye viwango sawa paliunganishwa katika ramani kwa mistari inayofanana na kontua ambazo wanafunzi wa jiografia wanazijua vema.

Ni lazima tutahadhari hapa. Kanuni ya namna hii hutabiri hali ya mtaa. Haitabiri hali ya mtu. Majirani wawili wenye kelele ileile darini huweza kutoa majibu yaliyo mbalimbali kabisa, kwa maana mmoja hufanya kazi usiku na kulala mchana, na mwingine hashindi nyumbani.

Kanuni mbili, mbingu moja

Katika mwaka uleule wa 1952 ambapo Comet ilianza safari zake, mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alichapisha nadharia ya kelele za jeti. Alionyesha kwamba nguvu ya kelele itokayo katika mkondo wa jeti huongezeka kwa kipeo cha 8 cha mwendo wa mkondo huo. Mwendo ukizidishwa mara 2, kelele huzidi mara 256, yaani desibeli 24. Kinyume chake, ukipunguza mwendo wa mkondo wapata faida kubwa mno. Injini zilizofuata zilitengenezwa zisukume hewa nyingi kwa mwendo mdogo, na tangu mwaka 1971 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekuwa na viwango vya kelele ambavyo ndege mpya hupaswa kuvitimiza. Hivyo kila ndege ikapungua kelele. Lakini idadi ya ndege ikazidi kukua. Je, mkazi wa mtaani alipata nafuu?

Jibu hutegemea kanuni. Mwaka 1990 Uingereza iliiacha NNI na kuanza kutumia Leq, yaani kiwango cha sauti ya mfululizo ambayo ingekuwa na nishati sawa na ya kelele zote za muda unaopimwa. Heathrow muda huo ni saa 16, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5 usiku. Katika Leq idadi ya ndege hupewa uzito wa 10 log N, badala ya 15 log N.

Hebu tuchukue mfano. Mtaa fulani hupitiwa na ndege 100 katika saa hizo 16. Baada ya miaka kadhaa ndege huwa 200, lakini kelele ya kila moja imepungua kwa desibeli 3. Kwa NNI, idadi iliyoongezeka maradufu huleta nyongeza ya 4.5; tukiondoa 3, hali imeharibika kwa 1.5. Kwa Leq, nyongeza ni 3. Tukiondoa 3, hakuna kilichobadilika. Lakini mkazi aliyekuwa akipata ndege moja kila baada ya dakika 9.6, sasa apata moja kila baada ya dakika 4.8. Mbingu ni moja, ndege ni zilezile. Kanuni mbili zatoa hukumu mbili.

Badiliko hilo halikufanywa kwa kubahatisha. Uchunguzi mwingine wa mwaka 1982 ulikuwa umeonyesha kwamba Leq ililingana vema na majibu ya watu, na kwamba NNI iliipa idadi uzito uliozidi. Leq 57 ikawa alama ya mwanzo wa usumbufu wa mchana. Lakini watu nao hubadilika. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2014, na kutangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba sehemu ya watu waliosumbuka sana kwenye desibeli 54 ililingana na ile iliyosumbuka kwenye 57 mwaka 1982. Mstari wa ramani ukisogezwa nje kwa desibeli 3, maelfu ya watu huingia katika hesabu ingawa hakuna ndege hata moja iliyoongezwa.

Tena, wastani wa siku huficha mgawanyo wa saa. Tangu mwaka 1972, upepo wa magharibi unapovuma, ndege zinazotua Heathrow hubadilishiwa njia ya kutulia ifikapo saa 9 alasiri, ili wakazi walio chini ya kila njia wapate nusu siku ya mapumziko. Mapumziko hayo ni kitu cha thamani kwa mkazi. Lakini katika wastani wa saa 16 hayaonekani kabisa. Ndiyo sababu nchi nyingi za Ulaya hutumia kipimo kinachoongeza desibeli 5 kwa kelele za jioni na 10 kwa zile za usiku. Kwa kipimo hicho, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za ndege zisizidi desibeli 45.

Madhara kwa wanafunzi

Usumbufu si hasira tu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watoto 2,844 wa umri wa miaka 9 hadi 10, katika shule 89 zilizo karibu na viwanja vikubwa vya Uingereza, Uholanzi na Hispania. Kadiri kelele za ndege zilivyozidi, ndivyo ufahamu wa kusoma ulivyopungua.

Lakini mwanafunzi makini atauliza: je, haiwezekani kwamba sababu ni nyingine? Ujerumani ilitoa jaribio la nadra. Mwezi Mei 1992 uwanja wa zamani wa Munich ulifungwa na mpya ukafunguliwa mahali pengine. Watafiti waliwapima watoto 326 wa sehemu zote mbili, mara moja kabla ya mabadiliko na mara mbili baadaye. Karibu na uwanja mpya, kumbukumbu ya muda mrefu na usomaji vilizorota. Karibu na ule wa zamani vilipata nafuu. Basi madhara yapo, na kelele zikiondoka yaweza kupungua.

Zoezi kwa shule

Shule zilizo jirani na viwanja vya ndege, kama vile za Kipawa mjini Dar es Salaam au Embakasi mjini Nairobi, zaweza kufanya uchunguzi wao pasipo vyombo vya gharama. Kwa siku 5, katika kipindi kilekile, wanafunzi wahesabu ndege zinazopita, na kwa saa ya mkononi wapime sekunde ambazo mwanafunzi wa dawati la nyuma hawezi kusikia maneno ya mwalimu. Wakokotoe sehemu ya kipindi iliyopotea kwa kila mia. Kisha wawahoji wakazi wa mitaa miwili, mmoja ulio chini ya njia ya ndege na mwingine ulio kando, kwa maswali yaleyale. Programu za simu za kupima sauti zaweza kutumiwa kulinganisha mahali na mahali. Lakini zisichukuliwe kuwa ushahidi wa desibeli kamili kama hazijasawazishwa na chombo kinachoaminika.

Kila darasa lieleze pamoja na matokeo yake jinsi lilivyohesabu, na kwa nini lilichagua njia hiyo. Mwananchi anayeletewa ramani ya kelele za mtaa wake ana haki ya kuuliza maswali hayohayo: ni kipimo gani kilichotumika, ni wastani wa saa zipi, na ni nani aliyeulizwa?