Je, Wajua? Katika Gemu Hii, Ukilala Adui Anapata Nguvu

Gemu ya The Elder Scrolls IV: Oblivion, iliyotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2006, inaweza kuchezwa kwa sehemu kubwa na mhusika wa leveli ya chini sana, yaani aliye karibu vile vile alivyotoka gerezani mwanzoni mwa hadithi. Siri ni kukataa kulala. Hata ukikamilisha mazoezi yote yanayotakiwa, hupandi leveli mpaka ujilaze kitandani. Usipolala unabaki ulivyo, na maadui wengi nao wanabaki walivyo, kwa kuwa karibu dunia nzima inapimwa kwa kimo chako.

Nia ilikuwa njema. Gemu za namna hii humwachia mchezaji ramani nzima aende atakako. Sasa mtengenezaji atajuaje kama pango fulani litafikiwa na mwanagenzi au na gwiji? Oblivion ikaamua kutojisumbua: pango limsubiri mchezaji, na akiingia limtolee maadui wa saizi yake.

Saa za mwanzo mambo huenda vizuri. Kisha vituko vinaanza. Barabarani anakutokea jambazi, anataka sarafu 100 la sivyo akuue. Ukiwa mchanga, kavaa manyoya na ngozi. Pita tena ukiwa umevuka leveli 20: jambazi wa aina ile ile, madai yale yale ya sarafu 100, ila sasa kavaa deraya ya kioo cha kijani ambayo akiiuza anapata maelfu. Anakaba watu wa nini? Kinachokera zaidi ni kwamba mchezaji aliyechagua ustadi wa maneno na wa kuchanganya dawa hupanda leveli kwa kupiga soga na kusaga majani. Huko nje mazimwi yanazidi kukomaa kwa ajili yake, na upanga wake haukati kitu. Kadiri anavyopanda ndivyo anavyozidi kuwa dhaifu.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa Morrowind mwaka 2002. Kwenye kisiwa chake cha Vvardenfell, wanyama wengi wa porini hubadilika kulingana na leveli yako, lakini wahusika na hazina nyingi ziliwekwa kwa mkono mahali pake, zikakaa. Hakuna mshale wa kukuongoza; unapewa maelekezo kwa maneno na njia unaitafuta mwenyewe. Ukijitia kimbelembele kwenye kaburi lisilo lako, utakiona cha mtema kuni. Ila siku utakapomrudia aliyekutimua na kumwangusha, utajua kwa hakika kwamba umekua, maana yeye hajabadilika. Furaha hiyo Oblivion iliitupa.

Skyrim, mwaka 2011, ikashika njia ya kati: maeneo mengi yakapewa kiwango cha chini na cha juu, na pango likishapimwa siku ya kwanza ulipoingia, kipimo hicho hakibadiliki.

Nje ya kampuni hiyo, Wajapani wa FromSoftware, chini ya Hidetaka Miyazaki, waliitoa Elden Ring mwaka 2022 bila hata kitufe cha kuchagua rahisi au ngumu. Dakika chache baada ya kutoka nje unamwona mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu akilinda njia. Wengi humvaa, naye huwachinja. Kumbe uwanja ni mpana, mzunguke tu, utarudi baadaye. Ugumu umegawanywa kwa nchi: rasi ya kusini ni nafuu, na Caelid ya mashariki ina mbingu nyekundu inayokuonya kabla hujatia mguu. Halafu watu hao hao, kwa ukorofi, wakaweka sanduku katika magofu ya Limgrave, nchi unayoanzia. Ukilifungua linakutupa mgodini huko huko Caelid. Hapo ni mguu niponye.

Kasoro ipo: ukizurura mno, bosi uliyemkwepa mapema unammaliza kwa mapigo machache, na pambano linapoa. Mimi nachagua kasoro hiyo kuliko jambazi wa kioo.

Aprili 2025 Oblivion ilirudi sokoni ikiwa imefanyiwa ukarabati, na namna ya kupanda leveli imerekebishwa. Ukiicheza ile ya zamani, weka ustadi wa silaha kati ya ustadi wako mkuu. Ukielemewa, kwenye mipangilio kuna kitelezi cha ugumu. Kishushe bila aibu.