Kuku Asilale Jikoni



Katika ziara zetu tumeona hivi: mama anapika kuku wa wiki nzima Jumapili, sufuria inalala jikoni, Jumatatu watoto wanakula, na jioni wanahara. Majirani husema ni jicho baya. Hapana, ni viini. Chakula kilichopikwa kikikaa kwa joto zaidi ya masaa mawili, viini huzaana, na vingine huacha sumu isiyokwisha hata ukichemsha tena.

Basi tufanyeje?

Kama kuna friji: Chemsha kuku na kitunguu, nyanya na chumvi kidogo, bila mafuta mengi, mpaka nyama ya karibu na mfupa isiwe na damu. Mgawe katika vyombo vidogo apoe haraka, funika, na uweke kwenye friji kabla ya masaa mawili. Maliza kwa siku tatu. Kila siku pasha fungu moja tu mpaka litokote. Likibaki, usilirudishe.

Kama hakuna friji: Nyumba nne zipange zamu. Wiki hii mmoja anachinja, kila nyumba inapata robo na kuipika siku hiyo hiyo na sukuma wiki au maharagwe. Kila nyumba inachinja mara moja kwa mwezi, lakini inakula kuku kila wiki.

Friji ya asiye na stima ni jirani yake. Katika mkutano ujao tuulizane: nani ataanza zamu?