Mwezi, Kisu na Serikali Isiyo na Dini

Usiku wa mwezi 29 Ramadhani, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, haupitiki. Kanzu zinaning'inia, viatu vya watoto vimemwagwa juu ya maturubai, wamachinga sauti zimewakauka. Mwenye duka la vitambaa, Mchaga na Mlutheri, anamwita jirani yake: "Shehe, mwezi vipi?" "Tumsubiri Mufti, bwana." Huyu Mlutheri hajafunga hata siku moja, ila anataka kujua kesho afungue duka au asifungue. Redio ikishatangaza kauli ya Mufti wa Bakwata, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ofisi za serikali nazo zinafungwa. Wapo waliokwisha kula Idi yao mapema, kwa kufuata mwezi wa Makka. Wanataniwa kidogo, basi.

Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo Rais anaapa akiwa ameshika Msahafu au Biblia, na hafla za kitaifa hufunguliwa kwa dua ya shehe na sala ya askofu. Mtu wa Kariakoo haoni mgongano hapo. Kwake, serikali kutokuwa na dini maana yake ni kwamba kila mwenye dini atapewa zamu yake.

Mazoea haya yana mizizi mitaani humu. TANU, chama kilichodai uhuru, ilipozaliwa mwaka 1954, ofisi yake ilikuwa New Street, leo Mtaa wa Lumumba, na wazee wa Kiislamu wa mjini ndio waliompokea Julius Nyerere, mwalimu Mkatoliki kutoka Pugu. Kiongozi wa wazee hao, Sheikh Suleiman Takadir, alibandikwa jina la Makarios, lile la askofu mkuu wa Cyprus aliyewasumbua Waingereza. Shehe kuitwa kwa jina la askofu, na watu wakacheka! Lakini mwaka 1958 Takadir huyo huyo alifukuzwa TANU, baada ya kuhoji Waislamu watapata nini uhuru ukija. Mwaka 1968 serikali ikaipiga marufuku Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, EAMWS, na Bakwata ikaanzishwa. Wapo wasioisamehe hatua hiyo mpaka leo.

Dola kutaka sauti moja ya Waislamu si jambo la Tanzania peke yake. Ujamaa wa Kisovieti ulifunga misikiti na makanisa, kisha mwaka 1943 ukaunda ofisi ya mufti mjini Tashkent ili Waislamu wa Asia ya Kati wawe chini ya jicho la dola. Ujamaa wetu haukumzuia mtu kusali, ila nao ulipenda kuzungumza na Waislamu kupitia mlango mmoja, Bakwata. Azimio la Arusha, dira ya ujamaa huo, lilipolegezwa na vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, sheria ilikataza chama cha kidini. Mlango ule mmoja haukubomolewa.

Mengine yameachiwa desturi, na kubwa kuliko zote ni kisu. Nyama ya buchani inayouzwa kwa watu wote, kwa mazoea ya Tanzania, huchinjwa na Muislamu. Mkristo hula bila kuuliza, na Muislamu naye hula bila wasiwasi. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ina mahali pake, na mlaji wake anajua pa kuifuata. Desturi hii imewahi kupasuka. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam. Februari 2013 ugomvi wa nani achinje ulimuua mchungaji huko Buseresere, Geita.

Tangu sensa ya mwaka 1967, serikali haijatuuliza tena dini zetu. Nadhani imefanya vyema, kwa sharti moja: anayelalamika kwamba dini yake imeachwa nyuma asikilizwe, asiambiwe anachochea udini. Kunyamaza kwa kuheshimiana kunajenga. Kunyamazishana kunaweka kinyongo, na kinyongo ndicho kinachogeuza kisu cha jikoni kuwa silaha.

Yule Mlutheri wa Mtaa wa Kongo amekwisha kujipangia. Krismasi ikifika hamgusi mbuzi mpaka jirani yake aje kumchinja, maana pilau ile wataila wote. Nawe ukialika watu, fanya hivyo.