Upande wa Lebo Ndio Dhaifu: Namna CD na DVD Zinavyotengenezwa

Mtu akigeuza CD halisi ya muziki upande unaong'aa, kisha akaiinamisha kidogo kwenye mwanga wa dirishani, ataona pete nyembamba karibu na tundu la katikati. Pete hiyo haina zile rangi za upinde wa mvua. Kwenye diski nyingi zilizotoka viwandani tangu mwaka 1994, hapo pana maandishi madogo mno yanayoanza na herufi IFPI, na mara nyingi yako mahali pawili. Ya kwanza, ambayo baada ya IFPI hufuatiwa na herufi L, hutambulisha mtambo wa leza ulioandika data. Ya pili hutambulisha kalibu iliyoipa plastiki umbo. Utaratibu huo uliwekwa na shirikisho la kimataifa la wazalishaji wa muziki pamoja na kampuni ya Philips, ili diski ya wizi ikikamatwa iweze kufuatiliwa hadi kiwanda ilikotoka.

Alama hizo ni mbili kwa sababu kazi yenyewe ni mbili. CD ya dukani hairekodiwi moja moja. Data huandikwa mara moja tu, juu ya kioo. Baada ya hapo hugongwa chapa kwenye plastiki mara elfu na elfu. Kila hatua kati ya kioo na plastiki huacha athari kwenye uimara wa diski, na anayezifahamu hatua hizo ataelewa kwa nini diski moja hudumu miongo na nyingine hufa ikiwa ndani ya kasha lake.

CD ya kwanza ya kibiashara ilitoka tarehe 17 Agosti 1982 katika kiwanda cha PolyGram huko Langenhagen, karibu na mji wa Hannover, Ujerumani. Ilikuwa albamu ya The Visitors ya kundi la ABBA. Vipimo vyake vilikuwa vimeshakubaliwa na Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani: kipenyo cha milimita 120, unene wa milimita 1.2, tundu la milimita 15. Vipimo hivyo havijabadilika hadi leo, na DVD na Blu-ray zilizokuja baadaye zilirithi umbo lilelile.

Kazi huanza na kioo. Hiki ni kioo kinene cha duara, chenye kipenyo cha takriban milimita 240, yaani mara mbili ya CD yenyewe. Husuguliwa mpaka kikawa laini kabisa, huoshwa kwa maji yaliyoondolewa madini yote, kisha huzungushwa kwa kasi huku kikimiminiwa kimiminika kinachohisi mwanga. Mzunguko hukitawanya kimiminika hicho kikawa utando ulio sawa kila mahali, wenye unene wa kama sehemu ya kumi ya mikromita. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unene wa utando huo si jambo la kubahatisha, kwa kuwa ndio utakaokuwa kina cha vijishimo vya data.

Vyumba vinavyofanyiwa kazi hii huwashwa taa za njano, maana mwanga wa buluu ungeunguza utando kabla ya wakati. Hewa huchujwa mfululizo, na wafanyakazi huvaa mavazi yanayowafunika mwili mzima. Chembe moja ya vumbi ikitua juu ya kioo hufunika mamia ya vijishimo, na kasoro hiyo itajirudia katika kila diski itakayotokana na kioo hicho.

Sasa zamu ya leza. Kioo huzunguka huku mwale ukiwaka na kuzimika kwa kufuata data, ukianzia karibu na katikati na kusogea taratibu kuelekea ukingoni. Njia yake ni mstari mmoja wa msokoto unaofanya zaidi ya mizunguko 20,000 na kufikia urefu wa kilomita tano hivi. Nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni mikromita 1.6; chini ya unywele mmoja wa binadamu mizunguko zaidi ya thelathini ingejificha. Kioo hicho kikisafishwa kwa dawa ya alikali, sehemu zilizopigwa na leza huyeyuka na kuondoka. Vinabaki vijishimo vyenye upana wa nusu mikromita na urefu kati ya mikromita 0.83 na 3 hivi.

Kioo hakiwezi kugonga plastiki yenye moto, kwa hiyo umbo lake huhamishiwa kwenye chuma. Kwanza hupakwa utando mwembamba wa metali ili kipitishe umeme, kisha hutumbukizwa kwenye bafu la kemikali lenye nikeli. Umeme ukipita, nikeli hujijenga juu ya kioo chembe kwa chembe hadi kufikia unene wa takriban milimita 0.3. Bamba hilo hubanduliwa, na hapo utando wa awali huharibika. Kioo husafishwa na kurudishwa kazini kwa data nyingine.

Viwandani bamba hilo la kwanza huitwa baba. Juu yake kila kijishimo kimekuwa kijinundu. Kama oda ni ndogo, baba mwenyewe hupelekwa kugonga chapa. Oda ikiwa kubwa, hurudishwa kwenye bafu la nikeli na kuzalisha mabamba ya mama, na kila mama huzalisha mabamba ya mwisho, ambayo ndiyo mihuri inayofungwa kwenye mashine. Kabla ya kila uzao, uso wa bamba hutiwa oksijeni ili nikeli mpya isishikamane na ya zamani. Muhuri mmoja unaweza kugonga makumi ya maelfu ya diski kabla ya kuchakaa. Anayetaka milioni haandiki tena kwa leza. Anarudi kwa mama.

Plastiki inayotumika ni polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa Bayer nchini Ujerumani na, karibu wakati uleule, Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Ni plastiki ileile ya miwani ya usalama na ya mitungi mingi ya maji ya lita 20 inayopinduliwa juu ya vipoza maji. Ilichaguliwa kwa kuwa inapitisha mwanga vizuri, haivunjiki ovyo na inavumilia joto. Ila ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Punje zake zisipokaushwa kwa saa kadhaa, kwenye takriban nyuzi 120 za Selsiasi, unyevu huo huchemka ndani ya mashine na kuacha mapovu na michirizi kwenye diski.

Punje zilizokauka huyeyushwa kwenye joto linalozidi nyuzi 300, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ambayo upande wake mmoja umefungwa muhuri wa nikeli. Kalibu hujibana, plastiki huingia katika kila pembe ya vijinundu, maji yanayopita kwenye kuta za kalibu huipoza, tundu la katikati hutobolewa, na mkono wa roboti wenye vinyonyeo huichomoa diski. Katika mashine za kisasa yote haya huchukua sekunde tatu au nne. Data yote ya albamu, iliyomchukua msanii miezi studioni, huingia kwenye plastiki kwa mbano mmoja.

Haraka hiyo ina hatari zake. Plastiki ikipoa ikiwa bado imevutwa huku na huku, hubaki na mkazo wa ndani unaougawa mwale wa leza na kuudhoofisha. Ikipoa upande mmoja kabla ya mwingine, diski hupinda. Ndiyo maana fundi wa kalibu hutumia muda mwingi kurekebisha joto, shinikizo na kasi ya msukumo, na ndiyo maana kiwanda kibovu kinaweza kununua muhuri mzuri na bado kikatoa diski zinazorukaruka.

Inapotoka kwenye kalibu, diski ni plastiki angavu mithili ya dirisha. Data imo, lakini hakuna kitu cha kurudisha mwanga. Huingizwa kwenye chumba kisicho na hewa ambamo atomu za gesi ya agoni hugonga bamba la alumini na kung'oa atomu zake, nazo hutua juu ya vijishimo. Baada ya sekunde chache tayari kuna kioo cha alumini chenye unene wa makumi ya nanomita. Juu yake humiminwa tone la vanishi, diski huzungushwa ili vanishi isambae, na taa ya urujuanimno huikausha papo hapo. Juu ya vanishi ndipo huchapwa picha na jina la albamu.

Mpangilio huo wa tabaka unaeleza jambo ambalo wengi hulifahamu kinyume. Data haiko upande wa chini unaong'aa. Iko juu, karibu kabisa na lebo. Kutoka chini, leza hupita ndani ya milimita 1.2 ya plastiki, na mahali inapoingia mwale wake una upana wa karibu milimita 0.8, kisha hujikusanya hadi mikromita 1.7 ufikapo kwenye data. Vumbi au mkwaruzo mwembamba wa upande wa chini huwa nje ya shabaha, na mara nyingi haubughudhi kitu. Upande wa lebo, kinachoikinga alumini ni vanishi ya mikromita tano hadi kumi tu. Kalamu ya wino yenye ncha kali ikikandamizwa hapo huifikia data yenyewe, na alumini ikishabanduka hakuna wa kuirudisha.

Makwaruzo ya chini yana pia mlinzi mwingine. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon, wanahisabati wa Marekani, walichapisha njia ya kuongeza tarakimu za ziada ili data iliyopotea iweze kukokotolewa upya. Ndani ya CD njia hiyo imefungamanishwa na utaratibu wa kutawanya data iliyo jirani, kiasi kwamba pengo la milimita 2.5 hivi kwenye mstari huzibwa bila msikilizaji kugundua. Kiwanda nacho hupimwa kwa kigezo hicho. Kati ya fremu 7,350 zinazosomwa kila sekunde, zenye kosa hazipaswi kuzidi wastani wa 220.

Vanishi ikikosewa, hesabu zote hizo hazisaidii. Mfano unaojulikana sana ni wa diski zilizotengenezwa na kiwanda cha PDO huko Blackburn, Uingereza, kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Vanishi iliyotumika haikustahimili salfa iliyokuwamo kwenye karatasi za vijitabu vya kasha. Taratibu diski zikageuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, na muziki ukaanza kuchafuka na kukatika. Zilikuwa zimetunzwa vizuri na wenyewe, zikaharibiwa na kijitabu chao.

Wabunifu wa DVD, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996, walikiondoa kilema hicho. DVD hutengenezwa kwa diski mbili za milimita 0.6 zinazogundishwa, na data hukaa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Leza yake ina mawimbi mafupi zaidi, nanomita 650 badala ya 780, na mizunguko imesogezwa hadi mikromita 0.74, hivyo tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Blu-ray ya mwaka 2006 ilikwenda upande wa pili. Data yake iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, kwa hiyo uso wake hupakwa tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo. Vijishimo vyake ni vidogo kiasi kwamba Sony ilibuni namna nyingine ya kuandika diski ya asili, kwa utando usio wa kikaboni unaobadilika hali kwa joto la leza ya buluu.

Yote hayo yanahusu diski zilizogongwa kiwandani. Ile inayochomwa kwenye kompyuta ni kitu kingine, ingawa umbo ni moja. CD-R, iliyoletwa na Taiyo Yuden ya Japani mwaka 1988, hutoka kwenye kalibu ikiwa na mfereji mtupu wa msokoto. Juu ya mfereji humiminwa rangi ya kikaboni, kisha fedha au dhahabu, kisha vanishi. Leza ya mashine ya kuchomea huiunguza rangi hiyo, na alama zake husomeka kama vijishimo. Mtu huitambua kwa macho: upande wa chini una rangi ya kijani, buluu au dhahabu hafifu, wakati diski ya kiwandani ina weupe wa fedha tupu. Rangi ya kikaboni huchakazwa na jua, joto na unyevu. Kijishimo kwenye polikaboneti hakichujuki.

Kwa Afrika Mashariki tofauti hiyo ina uzito. Filamu na muziki wa Tanzania viliuzwa kwa miaka mingi kwenye VCD na DVD, na nakala za kuchoma zilizagaa kiasi kwamba mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi hizo. Lakini harusi, mahafali, kwaya za mtaani na maulidi havikuwahi kupita kwenye kiwanda cha nikeli. Vilichomwa vibandani, kimoja kimoja, kwenye diski za bei nafuu, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo nakala pekee iliyopo ya sauti ya babu au ya siku ya ndoa.

Na soko linafungwa. Februari 2025 Sony ilisitisha kuzalisha diski tupu za Blu-ray za kurekodia, na kompyuta mpya nyingi huuzwa bila tundu la diski. Mwenye kasha la diski za kuchoma anapaswa kuzihamishia kwenye diski kuu ya kompyuta sasa, akianza na zenye madoa kwenye ukingo, na aweke nakala ya pili kwa ndugu wa nyumba nyingine. Zile za asili zisimame wima ndani ya makasha yake, mbali na dirisha, na jina liandikwe kwa kalamu laini ya wino wa maji kwenye pete angavu ya katikati, mahali ambapo chini yake hakuna data.