Herufi Moja Tu: Swali la Selimundu Kutoka Maskati



Kazi yangu mimi ni kuchungulia seli kwenye hadubini. Lakini ukikaa Al Khoudh, karibu na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na ukawa unasema Kiswahili, watu watakugeuza daktari upende usipende. Kahawa na halua zikishaisha, lazima mtu akuvute pembeni. Safari hii alikuwa kijana wa kwetu, mwanafunzi. "Kaka, nimepimwa damu nimeambiwa nina AS. Mchumba wangu, Mwomani, naye AS. Mama yake anasema ugonjwa huu ni wa Waafrika, eti sisi ndio tuliowaletea. Ni kweli?"

Nikamwambia kaa kwanza, hili halijibiwi kwa kusimama.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini inayobeba oksijeni, himoglobini. Imefumwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Maelekezo ya kuunda beta yamo kwenye jeni iliyo katika kromosomu ya 11, yameandikwa kwa herufi za DNA, na kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika selimundu herufi moja, A, imekuwa T. Basi, ni hiyo tu. Mtasema herufi moja ina nini? Hebu andika "shuka", kisha badilisha herufi moja upate "shoka". Ulitaka kujifunika, sasa unakatwa.

Kwa herufi hiyo, kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta inatoka asidi ya glutamiki, inayopenda maji, inaingia valini, isiyoyapenda. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini inatafuta pa kujificha, inajibana kwa himoglobini jirani, na huyo kwa jirani yake, mpaka zinakuwa kamba ndefu zinazoisukuma chembe ikapinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120, hii haifiki mwezi. Na kabla haijafa inaziba vimishipa vidogo. Ndiyo yale maumivu ya mifupa ambayo ukimwona mtu anayo, husahau.

Hayo ni ya mwenye SS, yaani nakala zote mbili zina kosa. Mwenye AS ana moja nzima, na kwa maisha ya kawaida inamtosha. AS haigeuki kuwa SS, hata ukizeeka.

Sasa hesabu, maana hapa hata wasomi wanateleza. AS akioa AS, kila mzazi ni kama anarusha sarafu: upande mmoja A, upande mwingine S. Zikianguka S zote mbili, mtoto ni SS, yaani nafasi moja katika nne. Wengi wanadhani maana yake ni kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata ni wazima. La hasha! Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba hurushwa upya. Nimeona familia zilizotegemea hesabu hiyo mbovu, na sitaki kuieleza zaidi.

Na jambo jingine: Oman kuna pia thalasemia ya beta. S ikikutana na thalasemia mtoto anaweza kuugua vilevile, na kile kipimo cha haraka cha selimundu peke yake hakiioni thalasemia. Ombeni kipimo kamili cha himoglobini, nyote wawili.

Haya, nani aliyeileta? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aligundua kwamba wenye AS ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba AS inamkinga mtu na malaria kali. Kwa hiyo herufi hii ilidumu palipo na malaria: Afrika, mashariki ya Uarabuni, Bara Hindi, hata Ugiriki. Oman yenyewe ilisumbuliwa sana na malaria zamani, na leo karibu asilimia 6 ya Waomani wanabeba S. Waliochunguza DNA inayoizunguka jeni hiyo wamekuta Oman aina tatu: ya Benin, ya Kibantu, na ya Uarabuni na Bara Hindi. Kwa hiyo sehemu ilivuka bahari kutoka kwetu, tusikatae, lakini siyo yote. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walichambua jenomu nzima, wakahitimisha kwamba badiliko lilitokea mara moja tu, Afrika, miaka kama 7,300 iliyopita. Ubishi kuhusu tawi la Uarabuni haujaisha. Hata hivyo, miaka 7,300! Jahazi la nani hilo?

"Halafu," nikamwuliza, "mchumba wako S yake kaipata wapi? Si kwa baba au kwa mama yake huyo huyo?" Kijana akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Sikumwambia aoe wala aache, si kazi yangu. Nilimweleza kwamba mimba inaweza kupimwa mapema, kwamba dawa ya haidroksiyurea inaiamsha himoglobini ya kichanga, ile isiyo na beta, na kwamba mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya CRISPR inayofanya jambo hilo hilo kwa kukata DNA. Bei yake, kwa Marekani, inapita dola milioni 2, kwa hiyo tusiitegemee kwa sasa.

Wiki iliyofuata alirudi na mchumba wake, na safari hii maswali aliuliza binti, tena makali kuliko ya wanafunzi wangu. Wakati wa kuondoka akanong'ona kwamba mama yake naye ameomba kupimwa. Majibu ya mama siyaandiki hapa.