Muuguzi Anapokuwa Mkufunzi: Shahada ya Uzamili katika Elimu ya Uuguzi

Shahada ya uzamili katika elimu ya uuguzi humwandaa muuguzi, aliyekwisha kupata shahada ya kwanza na uzoefu wa kuhudumia wagonjwa, awe mkufunzi wa wauguzi wengine, ama darasani, ama wodini, ama katika utungaji wa mitaala. Msingi wa masomo hayo ni hoja iliyochelewa kukubalika, kwamba anayejua kuuguza si lazima ajue kufundisha uuguzi.

Katika karne ya 19 shule nyingi za uuguzi nchini Marekani zilimilikiwa na hospitali, na kwa kuwa wanafunzi ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi za wodi, masomo yao yalisubiri hadi kazi zipungue. Mwaka 1899 Teachers College, chuo cha ualimu cha Columbia University jijini New York, kilianzisha kozi ya kuwaandaa wauguzi watakaoongoza hospitali na shule hizo. Mwaka 1907 Mary Adelaide Nutting, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa ameongoza shule ya uuguzi ya Johns Hopkins, aliteuliwa kuwa profesa chuoni hapo, akawa muuguzi wa kwanza duniani kushika cheo hicho.

Sababu ya ufundishaji kuhitaji masomo yake yenyewe huonekana vizuri katika kitabu cha mwaka 1984 cha mwanazuoni wa uuguzi Patricia Benner, ambamo aligawa ukuaji wa muuguzi katika ngazi tano, kuanzia mwanagenzi anayefuata kanuni hatua kwa hatua hadi mbobezi anayetambua hali ya mgonjwa kwa mtazamo mmoja. Mbobezi huyo huweza kuhisi kwamba mgonjwa anazidiwa kabla vipimo havijaonyesha, lakini akiulizwa amejuaje, mara nyingi hushindwa kueleza, kwa sababu hatua alizozipitia zimekwisha kuzama ndani ya mazoea. Kazi ya mkufunzi ni kuziibua hatua hizo, kuzipanga na kuzitamka ili mwanagenzi aweze kuzifuata.

Ndiyo maana mwanafunzi wa uzamili husoma nadharia za ujifunzaji, yaani maelezo ya namna binadamu anavyopokea na kutumia maarifa, pamoja na utungaji wa mitaala na mbinu za kufundisha wodini, ambako usalama wa mgonjwa hutangulia somo. Hujifunza pia upimaji, akizingatia uhalali, yaani mtihani kupima kile hasa kilichokusudiwa, na uthabiti, yaani matokeo kutobadilika ovyo kwa sababu tu mtahini amebadilika. Mfano unaojulikana sana ni mtihani wa vituo, uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, na kuelezwa mwaka 1975, ambamo kila mtahiniwa hupita kituo kimoja baada ya kingine akitenda kazi zilezile wanazotenda wenzake na kupewa alama kwa vigezo vilevile. Mwishoni, katika programu nyingi, mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu, yaani ripoti ndefu ya utafiti wake mwenyewe.

Nchini Tanzania ufundishaji wa uuguzi una changamoto ya ziada, kwani Kiingereza ndicho kinachotumika kufundishia vyuoni ilhali mgonjwa huhojiwa kwa Kiswahili, hivyo mkufunzi hana budi kumfundisha mwanafunzi kuyabeba maarifa ya kitabuni hadi kwenye mazungumzo ambayo mgonjwa atayaelewa.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa dunia ilikuwa na wauguzi milioni 27.9 na upungufu wa milioni 5.9. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuongeza nafasi za wanafunzi peke yake, maana darasa likipanuka bila wakufunzi, wanafunzi hurudi kujifunza kwa kubahatisha miongoni mwa wagonjwa. Kwa hiyo muuguzi anayechagua chuo cha uzamili yafaa aulize kama programu yake ina mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa, kwa kuwa ualimu nao, sawa na uuguzi, haukamiliki kwa kusomwa tu.