Karakana Katika Mahame

Vijiji vya Korogwe, Muheza na Lushoto havikosi nyumba ya namna hii: bati limeliwa na kutu, mlango umefungwa kwa waya, uani kumeota kichaka cha mibono, na wenyewe wako Dar es Salaam. Siku mmoja wao anapostaafu, au anapochoshwa na kodi ya mjini, hurudi na wazo la kufungua karakana: useremala kidogo, kuchomelea kidogo, kazi ya kumweka mtu na shughuli. Kiinua mgongo kikiingia tu, mashine ndizo hununuliwa kwanza. Zinakaa stoo zikila vumbi, maana pa kuzifunga hapajawa tayari.

Kumbe nyumba ile inayoanguka ndiyo ghala la kwanza la fundi. Fremu za zamani nyingi ni za mninga au mvule, na huko milimani Usambara hukutwa mbao za mkulo, mti ambao mchwa hawahangaiki nao sana. Mbao hizo zimekwisha kukauka. Kwa ubao mbichi, kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene, ingawa kwenye joto huweza kuwa chini ya hapo. Fremu iliyosimama ukutani miaka 40 haitapinda tena. Kwa hiyo nyumba haibomolewi kwa nyundo kubwa na haraka. Inafumuliwa: mtaimbo, koleo ya kung'olea misumari, na mtu wa kupanga vitu kwa aina zake.

Kuchagua kipi kizima si kazi ngumu. Fundi huchukua bisibisi, akaibonyeza chini kabisa ya fremu, pale mti unapokutana na udongo. Ikizama bila nguvu, humo ndani mmebaki ganda. Lakini asiitupe fremu yote. Hupanda nayo akigongagonga kwa mpini wa nyundo, akisikiliza sauti inavyobadilika kutoka uwazi kwenda uzito, kisha anakata hapo. Mara nyingi mchwa wamekula kipande cha chini tu, na fremu mbili zilizokatwa zinatoa miguu minne ya meza ya kazi.

Kuna vitu viwili visivyotaka papara. Popo wakiwa wamekaa darini miaka mingi, kinyesi chao kikavu hubeba vimelea vinavyoshambulia mapafu, hivyo hulowanishwa kwanza na mfagiaji hufunika pua na mdomo. Kingine ni paa la asbesto, yale mabati ya kijivu yanayofanana na saruji, ambayo bado yapo kwenye majengo ya zamani ya mashamba makubwa na ya serikali. Yasikatwe kwa grenda wala kuvunjwa. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani, na ugonjwa huweza kujificha miongo kadhaa. Halmashauri iulizwe kabla mtu hajapanda juu.

Ndugu nao waulizwe! Nyumba ya marehemu baba ina wenyewe wengi, na anayeanza kung'oa fremu bila kikao cha familia atasikia simu kutoka kila mkoa. Muhtasari wa kikao ukiwa mkononi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji njia ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji.

Mfano unaojulikana zaidi wa kutumia masalia uko Malawi. William Kamkwamba alikuwa na miaka 14 alipoacha shule kwa kukosa ada, wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Katika kijiji cha Masitala, wilayani Kasungu, alijenga kinu cha upepo cha kuwasha taa nyumbani kwao, kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dinamo na mabomba ya plastiki aliyoyalainisha motoni hadi yakawa mapanga. Vyuma vingi alivitoa kwenye uwanja wa mashine zilizotelekezwa za shamba la tumbaku. Kekee hakuwa nayo. Alichoma msumari mrefu motoni, akauwekea gunzi la mahindi kuwa mpini, akatobolea plastiki.

Chumba chenyewe hakihitaji mapambo. Paa lisivuje, sakafu iinuliwe kuliko uwanja ili maji ya masika yapite nje, mlango upitishe karatasi ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 bila kupigana nayo. Meza ya kazi ifike kwenye kifundo cha mkono wa fundi akiwa amesimama, kwa wengi sentimita 80 hadi 90. Iwe nzito. Meza inayotembea wakati wa kupiga randa humchosha fundi kuliko randa yenyewe.

Umeme ndio unaowaumbua wengi. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini imefikisha nguzo mbali, lakini laini ya nyumbani kwa kawaida ni ya fezi moja, wakati mashine kubwa za kuranda na kupasua mbao hutaka fezi tatu. Halafu kuna waya. Karakana ikiwa mita 40 kutoka kwenye mita ya LUKU na mtu akavuta waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mashine inayokula ampea 20 hupoteza njiani volti 11 hivi. Waya wa milimita 6 hupunguza hasara hiyo hadi chini ya 5. Kijiji kikiwa mwisho wa laini, ambako volti tayari ni chache jioni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mota itaamka au itaunguruma tu hadi iungue. Waya wa zamani uliotafunwa na panya uondolewe wote, na nondo ya ethi ichimbiwe upya mahali penye unyevu.

Kwa miezi ya mwanzo msumeno, randa, patasi na jiliwa moja imara vinatosha, kwa sababu kazi za kijijini ni mipini ya majembe, mizinga ya nyuki, vitanda, milango na majeneza. Hili la mwisho halisemwi sana, lakini kila seremala wa kijijini analijua: linaagizwa saa nne usiku na linatakiwa kesho kabla ya adhuhuri, umeme uwepo usiwepo. Ndiyo maana seremala mzoefu huweka darini mbao chache za msindano zilizokauka, na hazigusi hata mteja wa kabati akija na pesa taslimu.